Jiko Jipya Kabla ya Msimu wa Maembe



Jiko letu la gesi limefikia mwisho wa umri wake. Lilitutumikia kwa miaka 18, likatupikia pilau za sikukuu, uji wa wagonjwa na maziwa ya watoto ambao leo ni watu wazima wenye watoto wao. Miaka miwili iliyopita kutu ilianza kuila miguu yake. Mwaka huu imefika kwenye mabomba. Fundi alilifunua, akaliinamia kama daktari amwinamiavyo mzee wa miaka tisini, kisha akaniambia kwa upole: "Mama, hili sasa lipumzike." Sikubishana naye.

Yamkini ningelivumilia miezi michache zaidi, lau si kwa jambo lililonipata Desemba iliyopita. Hapa kwetu Muheza maembe yakianza kuiva huiva yote kwa pamoja, na yale yasiyoliwa wala kuuzwa huoza chini ya miti, nzi wakifanya karamu. Kwa sababu hiyo kila msimu mimi husindika jemu na achari, nikaweka akiba ya nyumbani na kuwapelekea jamaa walio mbali. Siku hiyo chupa saba za jemu zilikuwa zimezama katika sufuria kubwa ya maji yanayochemka. Zilihitaji kukaa humo dakika 10. Zilipofika dakika ya nne, moto ukafifia, ukawa wa manjano, ukazimika.

Kwa haraka, ile haraka isiyo na baraka, nikawasha jiko dogo la mafuta ya taa na kuihamishia sufuria juu yake. Vijiguu vyake vilistahimili kwa kitambo kidogo, kisha kimoja kikapinda. Maji ya moto yalinimwagikia mguuni, na kovu lake ninalo hadi leo. Mjukuu wangu wa miaka minne, ambaye hupenda kuchutama karibu na jiko akisubiri kulamba mwiko, alikuwa ametoka nje muda si mrefu kabla ya hapo. Mguu ulipona. Lakini usiku ule sikupata usingizi kwa kufikiri juu ya mtoto.

Basi niliapa kwamba jiko jipya halitachaguliwa kwa macho bali kwa kazi. Wahenga wamesema mchagua jembe si mkulima. Nawaheshimu sana wahenga, ila katika jambo hili nawaomba radhi: mchagua jiko ndiye msindikaji. Jumapili ya leo nawasimulieni jinsi nilivyochagua, ili atakayebadili jiko kabla ya msimu asije akajifunza kwa mguu wake kama mimi.

KAZI ISIYOFANANA NA KUPIKA

Mpishi wa wali akikatikiwa na moto hupata wali wenye kiini, na hasara yake ni chakula cha siku moja. Msindikaji akikatikiwa na moto hupata chupa zinazopendeza kwa sura, zilizofungwa vema, ambazo hakuna ajuaye ndani yake mna nini. Hasara yake huonekana baada ya miezi, tena mezani pa mtu mwingine.

Asili ya kazi hii ni ya zamani. Mwaka 1810 serikali ya Ufaransa ilimtunza mtengenezaji wa vitamutamu aitwaye Nicolas Appert zawadi ya faranga 12,000 kwa kubuni njia ya kuhifadhi vyakula: alivitia katika chupa za kioo, akazifunga kwa vizibo, kisha akazichemsha ndani ya maji. Yeye mwenyewe hakujua kwa nini njia hiyo inafaulu. Ilibidi miongo kadhaa ipite ndipo Louis Pasteur aonyeshe kwamba vinavyoharibu chakula ni vijidudu visivyoonekana kwa macho, na kwamba joto huviua. Chupa inapopoa, hewa na mvuke wa ndani hunywea, kifuniko kikavutwa chini, na mlango ukafungwa kwa vijidudu vingine.

Kwa hiyo joto linalotakiwa ni lile la kiasi maalumu kwa muda maalumu, bila kukatika. Kanuni ya wasindikaji ni kali: mchemko ukikoma katikati, maji hurudishwa kwenye mchemko kamili na dakika zikahesabiwa upya tangu mwanzo. Zile dakika nne za mwanzo, wapenzi, hazihesabiwi hata kidogo.

Kutokana na hayo, jiko la kusindikia huombwa mambo matatu: nguvu ya kuchemsha maji mengi, uthabiti wa kubeba mzigo mzito, na moto usiokatika. Mapambo, rangi, tanuri na taa ndogo za kumetameta ni mambo ya baadaye.

ANZA KWA SUFURIA

Kosa la wengi wetu ni kununua jiko kwanza na kuitafutia sufuria baadaye. Msindikaji hana budi kwenda kinyume. Chukua sufuria utakayosindikia, ambayo kina chake kinatosha chupa kusimama juu ya wavu au kitambaa kizito kilichokunjwa, maji yakazifunika vifuniko kwa kiasi cha sentimeta tatu, na bado ikabaki nafasi ya maji kuchemka bila kumwagika. Kisha pima mambo mawili: upana wa kitako chake, na uzito wake ikiwa imejaa.

Sufuria yangu hubeba chupa saba za nusu lita na lita 12 za maji. Lita moja ya maji ni kilo moja. Chupa moja iliyojaa jemu inakaribia kilo moja. Ongeza na uzito wa sufuria yenyewe. Jumla ni kilo 20 hivi, sawasawa na ile ndoo ya maji tunayojitwika kichwani. Jiulize, mama msomaji: kijijiko kilichonipindia mguu kingeweza kujitwika ndoo ya maji? Mimi sikujiuliza, na ndiyo sababu ya kovu langu.

Hesabu ya pili ni ya nguvu. Kuchemsha lita 15 za maji kutoka joto la kawaida la hapa pwani huhitaji, kwa hesabu ya vitabuni, uniti 1.3 za umeme. Kwa kuwa joto jingi hupotea hewani, makisio ya uniti 2 ni ya haki zaidi. Jiko la umeme la wati 1,000 litakukesha. Saa moja na nusu itapita nawe ungali unafunua kifuniko na kuchungulia. Jiko la wati 2,000 litamaliza kazi hiyo kwa muda wa saa moja hivi. Namba ya wati huandikwa kwenye kibandiko kilicho nyuma au chini ya jiko. Isome kabla hujatoa fedha.

SAFARI YA DUKANI

Nilikwenda mjini Tanga na sufuria yangu nimeifunga katika khanga. Kijana wa dukani alipoiona hakuweza kujizuia.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu."

"Mbona umekuja na sufuria? Sufuria hapa zipo tele."

"Sikuja kununua sufuria. Nimekuja kuitafutia hii mchumba."

Alicheka sana, lakini alikuwa kijana mwenye adabu, akaniacha niiteke juu ya kila jiko lililokuwapo. Niliyoyaona ni haya.

Jiko la gesi lenye uso wa kioo lilikuwa la kupendeza kuliko yote. Mume wangu, aliyekuwa nyuma yangu, alikwisha kulipenda. Lakini kitako cha sufuria yangu kilivifunika vichomeo na kumwagika pembeni, juu ya kioo chenyewe. Sufuria pana iliyokaa juu ya moto mkali kwa saa nzima hurudisha joto chini, na kioo kilichopashwa joto kupita kiasi, tena chini ya uzito wa kilo 20, kinaweza kupasuka. Kwa chai na mchuzi ni jiko jema. Kwa kazi yangu nililipisha.

Jiko la umeme lenye uso laini wa kioo lina shida hiyo hiyo na nyingine juu yake. Mengi katika majiko ya namna hii hujizima na kujiwasha yenyewe ili kioo kisipate joto la kupindukia. Kwa wali si neno, ila kwa msindikaji mchemko waweza kukoma pasipo yeye kutambua. Anayelipenda hana budi kusoma kijitabu chake na kuona mtengenezaji ameruhusu uzito gani na sufuria ya upana gani. Kijitabu kikinyamaza, usikisemee.

Jiko la induksheni ni jiko la ajabu. Halina moto wala uso mwekundu. Hupasha sufuria yenyewe kwa nguvu ya sumaku, nalo huchemsha upesi na halipotezi joto jingi. Lakini sikilizeni vema: sufuria za alumini, ambazo ndizo zilizojaa katika majiko yetu, hazipati joto juu yake hata kidogo. Chukua sumaku ndogo na uiguse kwenye kitako cha sufuria yako. Ikinata, sufuria itafaa. Isiponata, bei ya jiko hilo ni pamoja na bei ya sufuria mpya zote.

Jiko la umeme la koili, lile lenye mzingo wa waya mnene unaogeuka mwekundu, ni la kizamani lakini ni mchapakazi. Hubeba mzigo iwapo umbo lake ni la chuma kizito, na sufuria ya alumini hupatana nalo. Udhaifu wake si wake. Ni wa umeme wenyewe kukatika. Mwenye kulitumia ahakikishe pia uniti za LUKU zinatosha kabla ya kutumbukiza chupa ya kwanza, na asilichomeke kwenye waya mwembamba wa kuunganishia ambao unashika moto kabla ya maji kuchemka.

Jiko la mafuta ya taa la tambi sitalisema zaidi, maana kovu limekwisha sema.

Jiko la mkaa lisidharauliwe. Lina nguvu, liko chini, na lile kubwa la chuma lenye udongo ndani hubeba ndoo bila kuyumba. Kasoro yake ni kwamba mkaa ukipungua joto hushuka, na ukiongeza mkaa mbichi joto hushuka zaidi kabla ya kupanda. Mwenye jiko hili awe na jiko la pili dogo pembeni la kuwashia mkaa, ili anayeongeza aongeze makaa yaliyokwisha kuwa mekundu. Na asilitumie kamwe ndani ya chumba kilichofungwa, kwani hewa yake ya sumu haina harufu na imekwisha kuua watu usingizini. Tena ni haki kukumbuka bei ya mkaa na hali ya misitu yetu. Mwaka 2024 Tanzania ilizindua mkakati wa taifa wa nishati safi ya kupikia, wenye shabaha ya kuwafikia asilimia 80 ya wananchi ifikapo mwaka 2034. Wengi wetu tutabadili majiko katika miaka hii. Basi tubadili kwa akili.

Kijana alinionyesha pia sufuria ya presha ya umeme, akaniambia kwa nia njema kwamba hiyo "inafanya kila kitu." Ni chombo kizuri cha kupikia maharage na kunde kwa umeme kidogo. Lakini si chombo cha kusindikia chupa. Ni ndogo, hupata joto upesi na kupoa upesi, na dakika zilizopimwa na wataalamu kwa ajili ya mitungi mikubwa ya presha ya kusindikia hazilingani nayo.

Mwisho, kwenye kona ya duka, chini ya rafu, nilikuta jiko la gesi la vichomeo viwili, la chuma kizito kisicho na urembo wowote, lenye miguu minne mipana. Niliteka sufuria yangu. Ikakaa kama kuku juu ya mayai. Nilishika ukingo nikautikisa, halikutikisika. Mume wangu alilitazama, akalitazama na lile la kioo, akashusha pumzi. "Hili halina sura," akasema. Nikamjibu: "Halitafuti mume, lina kazi." Tukalipa.

KIMO CHA JIKO

Jambo ambalo hakuna muuzaji atakayekueleza ni urefu. Jiko likiwekwa juu ya meza ya kawaida, na sufuria yenye kina cha sentimeta 30 ikawekwa juu yake, mdomo wa maji ya moto unakukabili kifuani, na kwa mtu mfupi shingoni. Kutoa chupa humo ni sawa na kupapasa gizani, na sufuria ikiinama inamwagikia mwili mzima.

Tulimwomba fundi atujengee jukwaa la matofali lenye urefu wa sentimeta 45, mbali na mlango na mbali na njia ya watoto. Sasa mdomo wa sufuria unafika kiunoni pangu. Mtungi wa gesi umesimama wima pembeni, si chini ya moto, na mpira wake haugusi chuma chenye joto. Kila tunapobadili mtungi hupaka povu la sabuni kwenye maungio. Povu likitoa mapovu mapya, gesi inavuja. Anayetafuta uvujaji kwa kiberiti anatafuta mauti.

Na kuhusu moto usiokatika, mtungi wa gesi una siri iliyo wazi. Uzito wa mtungi mtupu umeandikwa ubavuni mwake. Upime mtungi kwenye mizani, toa uzito huo, na kilichobaki ni gesi. Mpigo mmoja wa sufuria yangu hula takriban robo kilo, au zaidi kidogo upepo ukivuma. Nikiona imebaki chini ya kilo moja, sianzi kusindika mpaka mtungi wa pili uwe karibu. Laiti ningejua hivyo Desemba iliyopita.

KIMO CHA MAHALI

Mabinamu zangu wa Lushoto hupenda kuniuliza kwa nini dakika zangu si dakika zao. Jibu liko milimani. Kadiri mahali palivyo juu kutoka usawa wa bahari, ndivyo maji yanavyochemka kwa joto la chini. Pwani maji huchemka kwa nyuzi 100. Lushoto, iliyo kwenye mita 1,400 hivi, huchemka kwa nyuzi zipatazo 95 tu. Hata ukiongeza moto hayazidi hapo. Yataruka na kupungua, lakini hayatakuwa na joto zaidi. Hakuna jiko liwezalo kushinda jambo hilo. Linaloweza kushinda ni muda.

Kwa jemu katika chupa za nusu lita au ndogo zaidi, hesabu dakika 10 kwa sisi tulio chini ya mita 300, kama Dar es Salaam, Tanga na Muheza. Walio juu ya hapo hadi mita 1,800, kama Morogoro, Dodoma, Tabora, Arusha na Lushoto, wahesabu dakika 15. Walio juu zaidi, kama ndugu zetu wa Njombe, wahesabu 20. Nyanya zilizopondwa huhitaji zaidi: dakika 35 hapa kwetu, na 45 kule Lushoto, kwa chupa ya nusu lita. Dakika huanza kuhesabiwa maji yanapochemka kwa nguvu baada ya chupa kuingia, wala si wakati wa kuwasha jiko. Kwa hiyo mtu wa milimani ana haja kubwa zaidi ya jiko lenye moto wa kudumu kuliko mimi.

LISILOWEZWA NA JIKO LOLOTE

Sasa nafikia neno ambalo, kama mtasahau mengine yote, nawaombeni mlishike.

Marehemu shangazi yangu aliishi Lushoto. Alikuwa bingwa wa jemu za plamu na pichi, na sisi watoto tulikuwa tukihesabu siku za likizo kwa ajili ya kabati lake. Mwaka mmoja maharage mabichi yalistawi mno, bei ikaanguka, naye akaona uchungu kuyatupa. Akayatia chupani na maji ya chumvi, akayachemsha saa tatu juu ya mafiga, moto wa kuni usio na mfano. Baada ya wiki kadhaa alifungua chupa moja tukiwa tumekaa mkekani. Maharage yalikuwa ya kijani, hayana harufu mbaya. Alikuwa amekwisha kuyatia katika bakuli wakati jirani yake, muuguzi mstaafu, alipopiga hodi. Yule mama aliuliza swali moja tu: "Uliyatia siki?" Shangazi akasema hapana. Muuguzi akalichukua bakuli, akaomba na chupa zilizobaki, akaenda kuzitupa zote katika shimo la choo.

Shangazi alinuna siku mbili. Hatukupata kujua kama maharage yale yalikuwa na sumu, na hilo ndilo jambo la kutisha: hakuna ambaye angeweza kujua kwa kuyatazama, kuyanusa wala kuyaonja.

Katika udongo mna kijidudu ambacho mbegu zake hazifi kwa maji yanayochemka, hata yakichemka saa nyingi. Mbegu hizo hulala. Zikifungiwa mahali pasipo na hewa, katika chakula kisicho na ukali, huamka na kutengeneza sumu ya botulini, ambayo ni miongoni mwa sumu kali kuliko zote zijulikanazo. Aliyekula huanza kuona vitu viwili viwili, kope zikamlegea, akashindwa kumeza na kusema, kisha misuli ya kuvuta pumzi ikalemaa. Mwenye dalili hizo apelekwe hospitali mara moja, na chupa aliyokula ichukuliwe pamoja naye.

Kinachozilaza mbegu hizo zisiamke ni ukali wa tunda. Ndiyo maana jemu za matunda makali na achari yenye siki ya kutosha husindikwa salama kwa maji yanayochemka. Maharage, kunde, mahindi, mboga za majani, uyoga, nyama na samaki havina ukali huo. Huhitaji joto la nyuzi 116 hadi 121, ambalo hupatikana ndani ya mtungi mkubwa wa presha uliotengenezwa mahususi kwa kusindikia. Asiye na mtungi huo asijaribu. Wazee wetu walikausha kunde, kisamvu na ng'onda kwa jua, nao hawakuwa wajinga.

Kuna na walio mpakani. Nyanya hudhaniwa kuwa kali, lakini nyingine hazifikii kiasi. Ongeza kijiko kimoja kikubwa cha maji ya limau ya kiwandani katika kila chupa ya nusu lita. Nachagua ya kiwandani kwa sababu ukali wake haubadiliki, ilhali malimau ya shambani hutofautiana. Embe lililoiva sana hupoteza ukali. Chagua yaliyo magumu bado, na fuata kipimo cha limau bila kupunguza. Papai na ndizi mbivu si makali hata kidogo, japokuwa ni matunda.

Wahenga wamesema akiba haiozi. Ni kweli, na katika chupa iliyosindikwa vibaya ukweli huo hugeuka kuwa mtego: akiba yaweza isioze, isinuke, isibadilike rangi, na bado ikaua. Kifuniko kilichovimba, chupa inayotoa povu au kufyatuka inapofunguliwa, visiulizwe mara mbili. Tupa, wala usionje.

JARIBIO LA KWANZA

Jumamosi iliyopita niliweka sufuria yenye lita 12 za maji juu ya jiko jipya, bila chupa, nikawasha na kushika saa. Yalichemka kwa dakika 38. Kisha nikapunguza moto na kuyaacha yachemke kwa nusu saa nyingine, nikitazama kama mchemko utalegea. Haukulegea. Nawashaurini nanyi mfanye vivyo hivyo kabla ya msimu, maana siku ya maembe si siku ya kulijua jiko.

Vifuniko vipya nimekwisha kununua, kwani kifuniko kilichotumika mpira wake huchoka na hakiaminiki tena. Chupa nimezikagua moja moja kwa kidole kuzunguka mdomo, nikazitenga zenye ufa. Na mlangoni pa jiko nimechora mstari mweupe kwa chaki. Mjukuu wangu ameelezwa kwamba sufuria kubwa ikiwa motoni, mstari huo hauvukwi hata na paka. Ameniuliza nani basi atalamba mwiko. Nimemwambia mwiko utamfuata yeye hapo alipo.

Ndugu wasomaji, ikiwa kwenu kuna jiko linalozeeka, lipimeni sasa, maembe yangali maua. Nami nitafurahi kusikia kutoka kwa walio milimani jinsi wanavyosindika plamu na pichi zao, nao wasisahau kuniandikia ni mita ngapi kutoka usawa wa bahari.

Hadi Jumapili ijayo, nawatakieni jiko salama na kabati lililojaa.